Chumvi kwenye pindo la kanga

Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mwaka wa 11 huu. Dagaa nawajua. Nikimvunja mmoja kwa vidole nakwambia alianikwa siku ngapi na kama mvua ilimpitia. Ila mpaka natimiza miaka 38 sikuwa nimewahi kupika mboga ikaliwa na mtu mwingine zaidi yangu, tena mimi mwenyewe nilikuwa naila kwa njaa tu. Natanguliza hilo ili unayesoma ujue anayekuelekeza ni nani. Si mpishi. Ni kitinda mimba aliyeachiwa jiko.

Mwaka jana mwezi wa pili mama aliamka alfajiri kwenda uani, akaona dunia inazunguka, akakaa chini palepale penye ndoo za maji. Tunakaa Kitangiri, kule juu kwenye mawe ambako bodaboda haifiki mlangoni, kwa hiyo mimi na kijana wa jirani tulimbeba kwenye kiti cha plastiki mpaka barabarani. Zahanati wakampima: 178 kwa 104. Mama ana miaka 67 na hakumbuki mara ya mwisho kupimwa presha. Tukapewa vidonge na tarehe ya kurudi, na maneno mawili ambayo nesi aliyasema akiwa ameshainama kuandika jina la mgonjwa anayefuata: "Punguzeni chumvi."

Dada yangu ndiye aliyekuwa anaishi na mama, naye wiki mbili baadaye akahamishiwa Geita kikazi. Mke sina kwa sasa, hiyo ni habari nyingine. Jiko likawa langu.

Kosa la kwanza nililifanya siku hiyohiyo: niliondoa chumvi yote. Nilichukua mfuko uliokuwa umebaki nikampa jirani, nikamwambia mama kuanzia leo hakuna chumvi nyumba hii. Nikachemsha kabichi kwa maji mengi, nikatia nyanya mbili na kijiko cha mafuta, nikafunika nikaenda kupokea simu. Niliporudi imelegea kama kitambaa cha deki, nyumba nzima inanuka ile harufu nzito ya kabichi iliyopitiliza. Nikasonga ugali, nikamwekea.

Mama alichukua tonge moja, akachovya, akatafuna taratibu. Kisha akaisukuma sahani kwa mgongo wa mkono. Hakuisukuma kwa hasira, ni vile mtu anavyosogeza kitu kisicho chake.

"Hiki ni chakula cha mgonjwa," akasema.

"Ndiyo, mama. Wewe ni mgonjwa."

Ningeweza kurudisha neno moja tu katika mwaka ule, ningerudisha hilo.

Siku zilizofuata alikula. Si sana, lakini alikula, na mimi nikaanza kujisifu kwa dada kwenye simu kwamba mama amezoea. Siku ya tisa nikakusanya nguo za kufua. Kanga yake moja ilikuwa na fundo kwenye pindo, nikadhani ni hela, maana benki ya mama zetu iko kwenye pindo la kanga. Nikafungua nisije nikafua noti. Ilikuwa chumvi. Chumvi ya mawe, ile ya chengachenga, imeshikana kwa jasho. Kila nilipokuwa nainuka kwenda kuchota maji ya kunawa, mama alikuwa anafungua fundo, ananyunyiza, anafunga.

Nilitoka nikakaa juu ya jiwe nje ya mlango. Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa nimeacha biashara asubuhi tatu kwa ajili yake, na yeye ananifanya mjinga. Ilinichukua mpaka jua kuzama ndipo nikaona upande wa pili: mwanamke aliyewapikia watu maisha yake yote, leo anaiba chumvi ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa sababu mwanawe amempikia uji wa kabichi. Ile kanga niliifua, nikaianika, sikumwambia kitu. Mpaka leo hajui kwamba najua. Au anajua.

Kosa la pili lilizaliwa na hilo la kwanza. Nikajiambia, kama shida ni ladha, nitafute ladha bila chumvi. Dukani nikanunua vile vidonge vya supu vinavyofungwa kwenye karatasi, kila mboga nikavunjia viwili. Mama akala. Akasifu! Jumapili nikamletea kayabo, maana anaipenda kuliko samaki mwingine yeyote. Kwa wasioijua, kayabo ni sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa mpaka akawa mgumu kama ubao. Pale Mwaloni inafungwa marobota na nyingi inavuka kwenda Kongo. Mlenda nao ukawa unapikwa kama kawaida, na magadi yake.

Kurudi kupima: 182 kwa 100.

Safari hii tulimpata nesi mwingine, mama mtu mzima, hakuwa na haraka. Akaniuliza, "Tangu Jumatatu mmekula nini? Nitajie chungu kimoja kimoja." Nikamtajia. Kila nilipotaja kitu alipiga alama kwenye karatasi: kidonge cha supu, alama. Kayabo, alama. Magadi kwenye mlenda, alama. Kwenye magadi nikabisha, nikasema magadi si chumvi, hata ukilamba hayafanani. Akacheka. Akasema kinachopandisha presha ndani ya chumvi ni sodiamu, na magadi yamejaa sodiamu hiyohiyo, yamevaa nguo nyingine tu. Vile vidonge vya supu navyo, sehemu kubwa ni chumvi iliyotiwa harufu ya kuku.

"Ninyi hamjapunguza chumvi," akasema. "Mmeihamisha."

Ndipo akatupa kipimo ambacho ningepewa siku ya kwanza ningeokoa mengi: mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa, na hapo ndani ihesabiwe chumvi yote, ya mboga, ya mkate, ya samaki mkavu. Ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo chumvi kidogo ya jikoni inaruhusiwa, hata kwa mama. Nikauliza kuhusu ile chumvi ya mbadala niliyoambiwa na muuza duka mmoja. Akanikataza kabisa nisimpe bila daktari kusema, kwa sababu nyingi zina potasiamu, na kwa mwenye figo dhaifu au anayetumia baadhi ya dawa za presha inaweza kuwa hatari. Hilo nalo liandike mahali.

Nikatoka pale na wazo moja: nipike mboga yenye viungo, chumvi iwe kidogo sana, lakini mama asinyooshe mkono kwenye pindo la kanga.

Nikaingia kwenye simu nikatazama video mbili tatu. Wote wanapika kwa majiko ya gesi, sufuria zinang'aa, mikono misafi. Wanasema "weka binzari". Nikateremka mjini nikasema, "Naomba binzari." Nikapewa pakiti ya unga wa njano. Nyumbani nikawasha mkaa, ukashika moto mwekundu vizuri, nikaweka sufuria nyembamba ya bati, mafuta, yakaanza kutoa moshi, nikamwaga unga ule vijiko viwili vya chakula. Viwili! Ulilia *shaaa*, ukageuka kahawia, ukageuka mweusi, na moshi uliotoka hapo ulinifukuza jikoni nakohoa machozi yananitoka. Watoto wa jirani wakakohoa. Kuku wakatoka uani. Sufuria ilishika masizi ndani kiasi kwamba nilisugua kwa mchanga siku mbili nikaitupa.

Siku ya pili nikaogopa moto, nikatia maji kwanza, kabichi, halafu unga wa binzari juu. Haukuungua, lakini ulielea. Ulikaa juu ya maji kama vumbi la stendi kwenye dimbwi, na mdomoni ulikuwa hivyohivyo, vumbi. Mama akasema inamkumbusha dawa ya minyoo.

Siku ya tatu sikupika. Tulikula maandazi.

Chini yetu kidogo anakaa mama mmoja mtu wa Pangani, alihamia Mwanza na marehemu mumewe miaka mingi. Mtaa mzima tunamwita Bi Mkubwa. Nilikuwa napita na ndoo, nikaamkia.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Juzi ulikuwa unachoma nini? Tairi?"

Nikamweleza yote, hata la kanga. Hakucheka kwenye la kanga. Akaniambia nilete hiyo binzari niliyonunua, nikamletea. Akamimina kidogo kiganjani, akasugua kwa kidole gumba, akanusa. Akanipa ninuse. Hakuna kitu. Harufu ya boksi.

"Hii imekaa juani mwaka mzima. Halafu umeomba binzari ipi?"

Mimi nilidhani binzari ni binzari. Kumbe ukisema neno hilo peke yake umemwachia muuzaji akuchagulie. Kuna binzari nyembamba, mbegu ndogo ndefu za kahawia zenye mistari, ile inayonukia kwenye pilau. Unguja utaisikia ikiitwa uzile. Kuna manjano, mizizi iliyokaushwa na kusagwa, ambayo wengi huku tunaiita binzari tu. Na kuna binzari ya mchuzi, mchanganyiko wa vitu vingi vilivyosagwa pamoja, na baadhi ya pakiti hizo zimetiwa chumvi, kwa hiyo geuza pakiti usome nyuma. Yangu ilikuwa hiyo ya mwisho. Nilisoma nikakuta chumvi imetajwa ya pili.

Akanituma: binzari nyembamba ambayo haijasagwa, ya 1,000, manjano ya 500, kitunguu saumu, tangawizi, ndimu. "Usinunue iliyomwagwa kwenye sinia juani. Nunua kwenye kopo lenye kifuniko, na unuse kabla ya kulipa. Akikataa usinuse, nenda kwa mwingine." Kabichi ya wastani nilinunua 1,500, karoti fungu 500, hoho moja 200. Kwa maduka ya viungo mjini, yale ya zamani ndiyo nimeyaona yana mzunguko wa haraka. Kitu kinachonunuliwa kila siku hakipati muda wa kuzeeka.

Nilipika kwake, kwenye jiko lake la mkaa, yeye amekaa kwenye kigoda ananiongoza kwa mwiko. Hapa nitaenda polepole, kwa sababu hapa ndipo kila kitu kilipo.

Kabichi aliniambia niioshe ikiwa nzima, majani ya nje nikiyatoa, niikung'ute, ndipo niikate. Mimi nilikuwa nakata kisha naosha, na maji yanajificha katikati ya vipande, ukitia kwenye sufuria unachemsha badala ya kukaanga. Kiini kigumu nikakitoa. Nusu kabichi nikaikata nyembamba kama ya kachumbari, nikaitandaza kwenye kitambaa safi ipate hewa. Karoti mbili nikazikwaruza. Kitunguu kimoja kikubwa nikakikatakata. Punje nne za saumu na kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba vikatwangwa pamoja kwenye kinu. Vyote vikapangwa pembeni kabla mafuta hayajagusa sufuria. Akakazia hilo, maana viungo havikusubiri ukamenye kitunguu.

Sufuria yake ilikuwa nzito, iliyoungua makalio kwa miaka. Vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti. Kisha akasema, "Tia mbegu moja." Nikatia punje moja ya binzari nyembamba. Ikazama, ikatulia. "Bado." Tukakaa kidogo, nikatia nyingine, ikazungukwa na vipovu ikaanza kucheza. "Haya." Nikatia kijiko cha chai.

"Sasa usitazame. Sikiliza."

Zilianza kutatarika kidogo kidogo, kama mvua ya kwanza kwenye bati, na ile harufu ikapanda, harufu ya harusi kabisa. Nilitaka kuendelea kuisikia. Akanipiga mwiko kwenye kifundo: "Kitunguu!" Nikamwaga kitunguu, mlio ukabadilika ukawa mzito. Baadaye alinieleza kwamba kitunguu kina maji, kinashusha joto na kuokoa mbegu zisiungue. Kati ya mbegu kunukia na mbegu kuwa chungu ni kama kuhesabu mpaka 10, basi.

Kitunguu kilipolainika na kuanza kugeuka rangi pembeni, nikatia saumu na tangawizi, nikageuza mara chache. Halafu akafanya jambo ambalo sikuliona kwenye video yoyote. Aliniambia niitoe sufuria motoni, niiweke chini, ndipo nitie manjano. Robo kijiko cha chai. Mimi nilikuwa nimetia vijiko viwili vya chakula! Unga unaungua upesi kuliko mbegu, na jiko la mkaa halina pa kupunguzia, kwa hiyo unachopunguza ni ukaribu wa sufuria na moto. Mafuta ya moto yaliyobaki yalitosha. Rangi ikafunguka palepale, mafuta yakawa kama jua la saa kumi na mbili pale ziwani. Ndipo nikaelewa lile vumbi langu la juzi: rangi ya manjano na harufu yake inakubali mafuta, haikubali maji. Ukitia kwenye maji imekukataa.

Karoti, kabichi, nikageuza sufuria ikiwa bado chini mpaka kila uzi wa kabichi umepata njano, kisha nikarudisha motoni. Bila kufunika na bila tone la maji. Nilipotaka kufunika akanitazama tu. Dakika sita hivi, nageuza, mpaka inalegea lakini ukiitafuna bado ina ugumu kidogo. Hoho dakika ya mwisho. Nikaepua.

"Sasa chumvi."

Nilikuwa nimezoea kuona chumvi inatiwa mwanzo. Akasema ukiitia mwanzo inavuta maji ya kabichi, mboga inaogelea, na chumvi yenyewe inazama ndani ambako ulimi hauikuti. Kwa hiyo unaongeza, na unaongeza tena. Ukitia mwisho inabaki juu juu, kidogo kinasikika kama nyingi. Tulitia robo kijiko cha chai kwa sufuria nzima ya watu watatu. Kisha nusu ndimu, ikakamuliwa juu. Nikaonja kabla ya ndimu na baada ya ndimu, na ningekula kiapo kwamba kuna mtu ameongeza chumvi nikiwa nimegeuka. Ukali wa ndimu unaudanganya ulimi. Huo ndio udanganyifu pekee niliobaki nao jikoni.

Nikapanda na bakuli limefunikwa kwa sahani. Mama akala ugali wa muhogo na ile kabichi na dagaa waliokaangwa na nyanya. Hakusema kitu. Alipomaliza akapangusa bakuli kwa tonge la mwisho, akazungusha mpaka pembeni kote, akasema, "Wabeja." Asante, kwa Kisukuma, ambacho huwa ananisemea akiwa amefurahi au amekasirika sana. Nikaenda kuchota maji ya kunawa taratibu kuliko kawaida, nikarudi kwa kuvizia. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, yote miwili.

Usidhani ilikuwa mteremko baada ya hapo. Nimepika kabichi hii zaidi ya mara mia, na kama 20 za mwanzo zilikuwa na kasoro. Nilizidisha manjano mara moja, kijiko kizima kwa kudhani rangi ndiyo ladha, ikawa chungu na kupaka kanga ya mama ile nyeupe doa ambalo sabuni haikulitoa. (Jua lilisaidia. Anika doa la manjano juani siku kadhaa, linapauka.) Mara nyingine nilisaga binzari nyembamba ya mwezi mzima kwa pamoja nikaona nimeokoa muda, wiki ya tatu ilikuwa imeshafifia. Sasa naihifadhi ikiwa mbegu, kwenye chupa ya kahawa yenye kifuniko, mbali na jiko.

Kuhusu gharama, niseme wazi maana watu huficha. Mboga yenyewe ni rahisi: nusu kabichi na vikorokoro vyake haifiki 2,000, na viungo vya 1,500 vinanikalisha zaidi ya mwezi. Gharama ziko kwingine. Kipimo cha presha cha nyumbani nilinunua 65,000, na sijutii. Sufuria nzito 22,000. Mafuta, vidonge, nauli za kurudi zahanati. Na ile siku nilipokuwa kwa Bi Mkubwa nasikiliza mbegu, nilikuwa nimemwachia kijana mmoja dagaa wangu wakiwa juani. Wingu la ziwa halibishi hodi. Mvua ilipiga nusu saa, yeye alikuwa anatazama mpira. Dagaa wakageuka rangi na nikawauza kama chakula cha kuku kwa bei ambayo sitaitaja, mama anaweza kusomewa haya na mjukuu. Tangu hapo mambo mapya ya jikoni najaribu wakati wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na mimi nina siku kadhaa za kuunguza vitunguu kwa raha.

Njia ileile nimeipeleka kwenye biringanya, ikakubali vizuri ukiongeza mafuta kidogo, kwa sababu biringanya inanywa. Mchicha unataka moto mkali na dakika mbili tu, na manjano uyaache kabisa, hayana kazi pale. Mgagani nilijaribu kuutia binzari nyembamba, mama akaniuliza kama nimerogwa. Mgagani ni wa kuchemsha, kumwaga maji ya uchungu, na kuungwa kwa maziwa au karanga, kama alivyofundishwa na mama yake, na hapo sikubishana. Mlenda bila magadi tulipigania mwezi mzima. Mwisho tukakubaliana: mlenda mara moja kwa wiki, na magadi yanapimwa na mimi.

Kuhusu presha yenyewe, nisije nikaonekana mganga. Baada ya miezi mitatu alikuwa 146 kwa 88, lakini katikati hapo daktari alikuwa amembadilishia dawa na kuongeza kipimo chake. Siwezi kukuambia kabichi ilifanya kiasi gani na kidonge kiasi gani, na vidonge hatukuacha hata siku moja. Ninachojua ni kwamba fundo halipo. Huwa naangalia nikifua.

Mwezi uliopita tulikuwa na msiba Magu, upande wa wajomba. Nikakaa na wanaume, mama akakaa na kina mama, mikeka miwili kutoka kwangu. Vikaletwa vyungu: ugali, mlenda unaovutika wenyewe kwa magadi, na kayabo iliyoungwa kwa karanga. Nikamwona anapokea sahani, nikakohoa. Akaniona. Akageuza bega kidogo, akala mpaka akamaliza, na jirani yake akamwongezea akapokea.

Kesho yake nyumbani nikampima: 164 kwa 94. Nikaanza kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kwenye basi, kuhusu gharama, kuhusu dagaa walionyeshewa, kuhusu nesi. Aliniacha nikamaliza yote, akakunja ule mkanda wa kipimo vizuri akaurudisha kwenye boksi lake.

"Msibani nakula cha watu," akasema. "Nyumbani nakula chako." Kisha akauliza, "Kabichi ipo?"

Ilikuwepo nusu. Akanipokonya kisu, akakalia kigoda, akaanza kukata yeye, vipande vinene vya vidole viwili, kama alivyokata tangu sijazaliwa. Mkononi nilikuwa nimeshika punje moja ya binzari, nangoja mafuta. Nikanyamaza. Nilipoiepua sufuria ili nitie manjano, akainua kichwa.

"Mbona unaitoa motoni?"

Nikavuta kigoda kingine nikamweleza.